Kumtuza Bi Somoe

Fundi niliyempelekea mashine yangu ya santuri pale Mtwara alikuwa mtu mzima, ndevu kazitia hina, na kazi yake aliifanya vizuri tu mpaka alipotia mkono mfukoni. Mashine nilikuwa nimeinunua kuukuu, haina kichwa cha kushikia sindano. Akaniwekea vichwa viwili mezani nichague: kimoja kizito, sindano yake butu, kisichochagua santuri, kingine chepesi, sindano nyembamba, kinachotaka mkono wa mashine upimwe sawasawa. Nikachagua chepesi. Akakifunga, akachomeka nyaya zake nne za rangi, akauachia mkono. Ukapanda, ukakaa hewani. "Kichwa chako hakina uzito, mama," akasema, na hapo ndipo alipotoa sarafu, akailaza juu ya kile kichwa.

"Toa!" nikamwambia. "Toa hiyo pesa hapo!"

Wateja wote wakageuka. Yule mzee akaiondoa kwa vidole viwili, ananitazama kwa jicho la huruma wanalotazamiwa wanawake wenye mapepo. Akasema, "Si uzito tu, mama? Kila mtu anafanya." Nikamjibu najua ni uzito. Nikaomba maji ya kunywa, nikakaa kwenye benchi lake, aibu imenijaa.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwetu Palma, Msumbiji, mnaikumbuka jenereta ya serikali, ile iliyokuwa ikikohoa nyuma ya ofisi ya administrador, mkuu wa wilaya. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiitunza. Watu walimwita Mestre, neno la Kireno la fundi, naye alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Asubuhi aliiwasha kwa ajili ya ofisi, jioni kwa ajili ya taa za wakubwa, na kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa jirani, waya mmoja ulipita ukutani ukaingia kwetu. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, aliiwasha tena kwa shughuli yake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza, maana na wakubwa walipata maji baridi.

Shughuli yenyewe ilikuwa santuri. Alikuwa na mashine aliyoachiwa na Mreno mmoja aliyefunga duka akaondoka. Yeye aliiita gira-discos, sisi tukisema mashine, basi. Alikuwa na kopo la tumbaku lililojaa vichwa na sindano alizookota huku na huku. Chumba kile kilinuka dizeli ya mikono yake na spiriti aliyofutia sindano, na mpaka leo nikisikia harufu hizo mbili pamoja nageuza njia. Alikuwa mtu mkali, mwenye maneno ya kukata, lakini akikaa mbele ya ile mashine vidole vyake vilikuwa na adabu ambayo sisi hatukuipata kwake.

Nakumbuka siku alipofunga kichwa kipya. Alivitoa vyote kwenye kopo, akavipanga juu ya kitambaa, akaanza kuvijaribu kimoja baada ya kimoja. Hiki kinakwaruza. Hiki kinaimba upande mmoja. Hiki sindano imepinda. Akabakiwa na kimoja kidogo, cheusi, chepesi, akakifunga, akachora msitari kwenye karatasi, akakigeuza mpaka kikakaa sawa na ule msitari. Nyuma ya mkono wa mashine kuna jiwe la chuma linalozungushwa mbele na nyuma mpaka mkono uelee, usipande wala usishuke. Lile jiwe lilikuwa zito mno kwa kichwa kile. Alilizungusha hadi mwisho wake na mkono bado ukabaki juu.

Ndipo akachukua sarafu. Kwanza metikali yetu, akailaza juu ya kichwa. Mkono ukashuka kwa kishindo. Akatikisa kichwa, akaitoa. Akatafuta sarafu ndogo ya Tanzania, akailaza taratibu, akafumba macho. Mkono ukashuka polepole. Wimbo ukaanza, safi.

Nami nikaelewa. Nani asingeelewa? Kila harusi niliyopelekwa nilikuwa nimewaona wanawake wakiinuka na kucheza hadi mbele ya mwimbaji, wakamtuza: noti kwenye paji la uso, sarafu kiganjani. Mwimbaji hutuzwa kichwani, na hiki chenyewe si kinaitwa kichwa? Na aliyekuwa akiimba ndani ya santuri ile alikuwa mwanamke wa Tanzania, kwa hiyo pesa zetu kazikataa, anataka za kwao. Nilimwona ana maringo, nikampenda papo hapo.

Mwanamke huyo alikuwa Bi Somoe, mke wa kwanza wa Baba. Sikupata kumwona. Alikuwa mwimbaji wa taarabu kutoka Mtwara. Baba alimwoa, wakaishi, wakaachana, akavuka mto Ruvuma pale Namoto kurudi kwao kabla Mama yangu hajaletwa nyumbani. Kikundi chao kiliwahi kwenda Dar es Salaam kikarekodi santuri ndogo, wimbo huku na wimbo huku. Karatasi ya katikati iliandikwa jina la kikundi tu, lakini Baba alimwambia kila aliyepiga hodi kwamba sauti ile ni ya Somoe. Wimbo alioupenda ulikuwa wa mtu anayemwambia mwenzake kwamba mlango hajaufunga, akitaka arudi.

Kila Ijumaa Mama alilazimishwa kuusikiliza.

"Baba Tima, nina mihogo jikoni," angesema.

"Mihogo itaiva. Kaa."

Akikaa, Baba aliinua kidole. "Sikia hapo. Hapo, hapo! Hiyo ndiyo sauti ya mwanamke. Wewe ukiita kuku, hata mwewe anakimbia."

Mama alikuwa mtoto wa pwani ya Tungue, amekulia kwenye kuchokoa chaza na kuitana na wenzake maji yakiwa yamekupwa, na kweli sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Alikuwa hajui kuimba. Hata kunibembeleza nilale alinipigapiga tu mgongoni, kimya. Baba akishamaliza kumsifu Somoe alikuwa na neno lake la kufungia: "Namoto si mbali. Mtu akichoka hapa anavuka." Mimi nilidhani anasema habari za safari. Mama ndiye aliyejua kwamba siku yoyote anaweza kuambiwa afungashe, na kwamba nyumba anayoifagia ina mlango ambao haujafungwa kwa ajili ya mwingine.

Mashine yenyewe alikatazwa kuigusa. Aliwahi kuipangusa vumbi mara moja, Baba akamkamata mkono. "Mikono ya kumenya mihogo hii! Unajua huu mkono unabeba nini? Ukizidisha uzito hapa, sindano si sindano tena, ni jembe. Italima santuri mpaka ibaki shamba." Mimi ndiye niliyeruhusiwa. Alinifundisha kuushusha mkono kwa kidole kimoja, nikashusha bila kelele, akacheka kwa furaha. "Tima ana mkono wa paka," akawaambia watu. Basi nilitembea mtaani siku hiyo nimeinua shingo, mtoto wa Mestre mwenye mkono wa paka.

Siku moja Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamuuliza, "Mama, mbona Baba anamtuza Bi Somoe kila Ijumaa na wewe humtuzi?"

"Anamtuza vipi?"

"Si anamwekea pesa kichwani. Ya Tanzania."

Mama aliacha kukuna. Akanitazama, halafu akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka. Nilifurahi, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kucheka. Kisha akanyamaza ghafla. Akapangusa mikono kwa leso yake, akasema polepole, "Kweli, mwanangu. Nimekosa adabu. Mgeni anaimba nyumbani kwangu miaka yote hii, sijamtuza hata siku moja."

Kesho yake asubuhi, jenereta inakohoa kule ofisini na Baba yuko nayo, Mama alifungua fundo la leso. Alikuwa na sarafu za kila aina, akazifunga pamoja kwa uzi mweusi, kidonge kizima. "Nenda kamtuze. Wewe ndiye mwenye mkono mzuri. Mtuze vizuri, asiseme sisi wachoyo."

Nikamtuza. Nililaza kile kidonge juu ya ile sarafu ya Baba, nikashusha mkono. Sindano ikazama, wimbo ukaanza kwa sauti nzito kidogo. Nikacheza mbele ya mashine kama nilivyowaona wakubwa, leso kiunoni, na Mama akapiga makofi. "Mrudishe aimbe tena," akasema. "Mgeni hatuzwi mara moja." Wimbo ukiisha nilirudisha mkono mwanzo. Mama alikaa sakafuni, kidevu kiganjani, anasikiliza wimbo ule ule uliokuwa ukimkunja uso Ijumaa, na uso wake umetulia.

Nasema kweli, hizo ndizo asubuhi tamu kuliko zote nilizokaa na Mama. Hakuwahi kucheza nami kabla, wala baada. Alinisuka nywele hapo hapo mbele ya mashine, akanipa maandazi. Kwenye ncha ya sindano kulikusanyika unyuzi mweusi, mwembamba, umejikunja. Nikamwonyesha. Akaupuliza ukaanguka kiganjani mwangu. "Jasho lake hilo," akaniambia. "Maskini, mtoto wa watu, tumemchosha." Nami nikauhifadhi ule unyuzi kwenye kiberiti, jasho la mwimbaji.

Sauti ikaanza kukauka. Kwanza ilikuwa kama mtu mwenye mafua, halafu kama mtu anayeimba nyuma ya chujio la mchanga. Mimi nilidhani Bi Somoe anazeeka, maana watu wazima wote niliowajua walizeeka wakakwaruza. Baba yeye alilaumu kichwa. Ijumaa moja alikifungua, akakisafisha kwa spiriti, akakifunga tena, akapima msitari wake, akazungusha jiwe, akaiweka sarafu yake. Mchanga. Akabadilisha sindano. Mchanga. Akatoa kopo, akafunga kichwa kingine, na kingine, jasho linamchuruzika, wakati wa umeme wake unaisha. Mama alikaa mkekani, mikono mapajani. Mwishowe Baba aliweka santuri nyingine, ya watu wengine. Ikaimba safi.

Akaitoa ya Bi Somoe, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyeusi iliyong'aa siku zote. Sasa ilikuwa ya kijivu, imepauka kama kisigino.

"Imelimwa," akasema.

Mimi nilimwonea huruma. Nikataka kumpoza. "Baba, usihuzunike. Amechoka tu. Mimi na Mama tumemtuza sana."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliniuliza kwa upole nilimtuzaje, na mimi, kwa majivuno, nikaenda kukileta kile kidonge cha sarafu kutoka chini ya godoro la Mama, nikakilaza juu ya kichwa kumwonyesha. Mkono ukaanguka puu. Baba akamtazama Mama. Mama akamtazama Baba. Nilikuwa katikati yao, nangoja kusifiwa.

"Mwanao huyo," akasema Mama. "Ana mkono wa paka, si ulisema?"

"Sasa ana mkono wa jembe," akajibu Baba.

Na Jembe ndilo likawa jina langu. Jembe, lete maji. Jembe, funga kuku. Hakunieleza kosa, Mama naye hakunieleza, na wote wawili walilitumia lile jina, Mama pia, huku anajua. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuruhusiwa tena kugusa mkono wa mashine. Nilielewa peke yangu miaka kadhaa baadaye, shuleni, mwalimu anatufundisha mizani kwa rula na vijiwe. Nikaomba ruhusa ya kutoka nje, nikasimama nyuma ya choo, nikalia kwa hasira mpaka kengele.

Baba hakumwacha Mama. Alifanya lililo baya zaidi. Ijumaa iliyofuata aliiwasha jenereta kama kawaida, akaweka santuri ile ile, akaishusha sindano kwa adabu ile ile, na chumba kikajaa mchanga, na ndani ya mchanga sauti ya mbali kama ya mtu aliyefunikwa. "Kaa," akamwambia Mama. "Si ndiyo uliyoitaka? Sikiliza kazi yako." Na Mama akakaa. Ijumaa ile, na iliyofuata, na zote. Wageni wakija alinyamazisha watu wausikilize wimbo ule. "Huyu alikuwa na sauti," akiwaambia, "mpaka wivu ulipoingia humu ndani." Nilikua ndani ya ule mchanga. Nilivunja ungo ndani yake. Nilianza kuwachukia wote watatu, Baba, Mama na huyo Somoe wao aliyekuwa hafi.

Na mtaa mzima ulisema Mestre anajua kupenda. Hata mimi niliamini. Nilijiambia, huyu mtu ni katili, lakini angalau amependa. Tunaadhibiwa na mapenzi yake, na mapenzi ni kitu kikubwa. Kuna wakati nilimwonea Mama kinyongo kwa kumharibia mwenzake kitu pekee alichobaki nacho.

Baba alikufa kwa homa ya siku chache, msimu wa mvua. Mama akakaa eda, amejifunga nguo nyeupe, hatoki, na hakulia. Wanawake walianza kunong'ona: mjane gani huyu, jicho kavu? Siku ya tatu ukumbini kukawa na minong'ono mingine, wanawake wakapisha njia, akaingia chumbani mama mmoja mfupi, mnene, anahema kwa safari, amevuka Namoto asubuhi ile. Akavua viatu, akaketi mbele ya Mama.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Mimi ndiye Somoe."

Nilitegemea ile sauti. Ilikuwa sauti ndogo tu, ya kawaida, ya mtu wa kuuza maandazi. Mama akapokea mkono wake.

"Nimeshapoa, Bi Somoe. Ahsante kwa kuja."

Wakakaa. Chumbani tulikuwa watatu tu. Bi Somoe akatazama ile mashine iliyofunikwa kitambaa pembeni, akatabasamu kwa haya. "Zamani alikuwa na santuri ya kikundi chetu. Mimi yangu ilipotea. Sijui kama bado ipo, ningependa wajukuu..."

Ilikuwa chini ya kile kitambaa, juu ya sahani ya mashine, alikoiacha Baba. Mama hakupepesa.

"Aliivunja," akasema. "Siku ile ile ulipovuka. Akasema hataki kukusikia tena maishani."

Niliona lile neno likimwingia yule mama. Akainamisha kichwa, akachezea pindo la leso. Nikasema moyoni, ee Mola, huyu Mama yangu ana moyo gani. Kisha Bi Somoe akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejipangusa.

"Basi, si neno. Wala haikuwa sauti yangu."

"Vipi?" akauliza Mama.

"Siku ya kurekodi koo lilinikauka, hata kuita paka siwezi. Aliimba mwenzetu mmoja, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Mimi nimo nyuma kule, napiga makofi."

Mama alipozungumza tena, sauti yake ile nzito ilikuwa imeshuka. "Na yeye alijua?"

"Asijue vipi? Alitufuata mpaka Dar es Salaam. Alikuwa pale pale mlangoni ameshika chupa yangu ya tangawizi. Tulicheka wote njia nzima kurudi: mwimbaji kaenda kurekodi makofi."

Mama akafungua mdomo. Nilijua anataka kusema nini: zile Ijumaa, wewe mwanamke, zile Ijumaa zote, kumbe hakuwa anapiga santuri, alikuwa ananipiga mimi. Lakini asingeweza kulisema, kwa kuwa alikwishasema santuri ilivunjwa. Akageuka kunitazama, mdomo wazi.

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ile ile ya kuitana kwenye maji yaliyokupwa, ukuta ukatetema, Bi Somoe akamkumbatia, akawa anampigapiga mgongo, "Nyamaza, mwenzangu, nyamaza, kazi ya Mungu." Ukumbini wanawake waliacha kunong'ona. Nikamsikia mmoja wao akishusha pumzi, akasema, "Haya, sasa analia. Maskini, kumbe alimpenda."